Wingu Mlangoni mwa Gari

Mzee Thuwein alikuwa mpaka rangi wa magari katika gereji moja pale Ras Al Khor, ughaibuni. Kusoma hajui, lakini ukimpa picha, anakutolea ile ile.

Agosti ya mwaka 2005, kijana mmoja alileta gari lake kubwa, na picha ya wingu lililosimama kama uyoga. Thuwein akadhani ni wingu la mvua. Akalichora mlangoni, akalipamba kwa rangi ya chungwa, akalitia na mng'ao.

Rafiq, msimamizi wa gereji, mzaliwa wa Mombasa, akapiga mluzi. "Mzee, hapa umeua."

Adhuhuri akaja Mori, Mjapani mzee anayewaletea injini kuukuu. Akauona mlango, akasimama. Kwa Kiarabu chao cha kuungaunga akasema, "Hilo ni bomu. Hiroshima. Nilikuwa na miaka saba." Akakitazama kiganja chake. "Nilimshika dada yangu mkono nimvute. Ngozi ikachomoka, nikabaki nayo."

Thuwein akageuka kuutazama mlango. Mkewe, Masuda, alilipukiwa na mtungi wa gesi jikoni kwao Al Baraha, mwaka uliopita. Siku ya kumwosha, waoshaji walimwaga kata moja tu, wakaacha. Ngozi ilikuwa inafuata maji. Ikabidi maiti atayamamishwe kwa vumbi badala ya maji, na Thuwein akaomba ampake mwenyewe.

Na leo moto kama ule kautia mng'ao.

Akachukua tambara na thina ya kuyeyushia rangi. Rangi haijakauka sawasawa. Ikajikunja, ikabanduka vipande laini, ikamganda vidoleni. Akakimbilia nyuma ya matairi, akatapika. Akajifuta mdomo, akarudi kufuta mlango.

"Mzee, una wazimu?" Rafiq akamjia. "Mwenye gari anakuja alasiri. Na viza yako inaisha mwezi ujao. Kafeel, mdhamini wako, akisikia, khalas, unarudi Unguja."

"Najua."

"Ni picha tu, wallahi. Hao walikufa zamani."

"Huyu hapa hajafa."

Rafiq akamtazama Mori, akainamisha macho. "Sasa mteja nimwambie nini?"

"Kama anaitaka, achore mwenyewe."

Rafiq akatoa simu. Mori naye akaokota tambara, akainama aanze kufuta upande wa chini. Thuwein akamnyang'anya.

"Usiliguse wewe," akasema. "Uchafu huu wangu mie."

Akaendelea kufuta, Rafiq akizungumza na kafeel nyuma yake.