Pole ya Taban

Nilipokuwa mtoto wa kubebeshwa watoto wenzangu, watu wetu wa Koboko waliamini kwamba mtoto mchanga akizibwa mdomo asilie, kilio humrudi ndani na kuukausha moyo. Akikua hatamhurumia mtu.

Mdogo wangu Taban alizibwa. Tulikuwa tukikimbilia Kongo wakati wa vita, tumelala kwenye nyasi huku askari wakipita barabarani, naye akaanza kulia. Mama akamfunika mdomo kwa kiganja mpaka walipopita. Tulipona sote, lakini bibi, mama yake baba, hakulisahau jambo hilo. Mambo yalipotulia tukarudi upande wetu wa mpaka na kukaa Aroi, akamfunga Taban mzizi wa dawa kiunoni na kumwambia mama waziwazi:

"Hii mtoto iko na moyo kavu. Siku utakufa, itaangalia tu."

Mama akamvuta Taban kifuani. Aliogopa, nami nikaogopa kwa sababu yake.

Tangu hapo, akiwa na Taban mgongoni, hakumpita mtu bila pole. Aliyebeba kuni, pole. Mama wa Kikongo aliyetuletea mawese akilalamikia kiuno, pole, na kigoda cha kukalia. Hata mbuzi aliyejinasa kwenye kamba yake aliambiwa pole. Majirani walicheka, na mimi niliona haya kutembea naye. Taban, kichwa nje ya kanga, alitazama tu.

Siku moja mama alikuwa akiipua sufuria ya maharage, ikamteleza, mchuzi ukamwunguza mguu. Akaketi chini, akauma midomo. Taban alikuwa bado hajasema neno lolote maishani mwake. Alitambaa hadi kwake, akamshika goti, akamtazama usoni, midomo ikimtetemeka.

"Poe," akasema. Kisha akaangua kilio kana kwamba ni yeye aliyeungua.

Mama alicheka huku machozi yakimtoka. Bibi akaja na maji baridi, akainama kummwagia mguuni.

"Unaona? Muzizi yangu iko na nguvu."

"Ndiyo, mama," mama akamjibu. "Asante."

Nimelea wanangu sasa, na nimewaona wakinitazama usoni kwanza kabla hawajaamua kama mgeni ni wa kuchekewa au wa kukimbiwa. Sina ugomvi na mzizi wa bibi. Ila kadiri ninavyozeeka ndivyo ninavyoamini kwamba zile pole za mama hazikuwa za wapita njia. Alikuwa akimwambia yule aliyekuwa mgongoni mwake.