Risasi Katika Bunduki ya Babake Carmel

Bisimwa alijifunza useremala kwao Walungu, Kongo, akauendeleza katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, ambako kwa miaka kumi na minne alitengeneza milango, vitanda na, mara nyingi mno, majeneza. Alipohamia Fort Worth, Marekani, na mkewe Fortunée na mwanao Shalom, randa ilibaki kambini. Alipata kazi ya kupakia maboksi kwenye ghala. Miaka sita ikapita bila kushika mbao ya maana.

Mgongo ulipoanza kumsumbua, Elkana wa kanisani kwao akamwambia, "Kuna mama mumoja anatafuta fundi wa mbao. Uta-drive dakika makumi mbili tu."

Hakumwambia ni mbao za nini. Bisimwa alifungua mlango wa karakana akaona bunduki zimejaa ukutani, pembe hadi pembe: za vita kuu ya kwanza, za ile ya pili, na nyingine mpya zilizotengenezwa kwa mfano wa zile za kale. Alirudi nyuma hatua mbili, akaanza kupapasa mfukoni akitafuta funguo za gari.

Mwenye karakana, mama wa Kimarekani wa miaka sitini na kitu aitwaye Whitney, alimwona wala hakumcheka. Aliweka mezani kitako kimoja cha bunduki, mbao tupu bila chuma chochote. Kilikuwa na ufa mrefu.

"Mimi navijua vyuma," alisema. "Mbao sizijui. Hii ni ya mti wa jozi, ina miaka mia na zaidi. Utaiweza?"

Bisimwa aliutazama ufa ule, jasho likimtoka kwapani. Alipokuwa na miaka kumi na saba, watu wenye silaha waliingia nyumbani kwao. Yeye alikuwa chini ya kitanda. Nyuso zao hakuziona. Aliona viatu, na kitako cha bunduki kimesimamishwa sakafuni mbele ya macho yake, kimepasuka, kimefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Kiliponyanyuliwa, alisikia mlio mmoja, na sauti ya baba yake hakuisikia tena.

"Nitaiweza," alijibu. "Lakini unipe mbao tu. Bunduki nzima sitashika."

Whitney alikubali, ila kwa jambo moja: lazima ajifunze kuifungua bunduki na kuhakikisha haina risasi. "Anayefanya kazi humu bila kujua hilo atakufa, au ataua mtu." Bisimwa alijifunza: mdomo wa mtutu uelekee pipa la mchanga pembeni, kisha kishikio cha chuma kivutwe nyuma.

Nyumbani alisema anatengeneza samani za kale. Na kweli, kazi yenyewe haikuwa mbali na hiyo. Mbao iliyobonyea aliiwekea kitambaa kibichi, akapitisha pasi ya moto mpaka ikainuka. Nyufa alizijaza gundi, akapiga msasa, akapaka mafuta taratibu kwa kiganja. Mikono yake ilifurahi. Lakini kila asubuhi alikaa garini nje ya karakana dakika kumi, akingoja moyo utulie.

Jumanne moja mwezi wa tatu, Whitney alikwenda kwa daktari wa meno. Akaingia mwanamke mmoja, Carmel, amebeba bunduki ndefu ndani ya blanketi. Baba yake alikuwa amefariki, na bunduki ilikuwa imening'inia sebuleni kwao tangu kabla Carmel hajazaliwa. Alitaka ing'arishwe. Akaikunjua, na katika kuigeuza ili aonyeshe mikwaruzo, mdomo wa mtutu ukamwelekea Bisimwa kifuani.

Kabla hajajua anafanya nini, alikuwa chini ya meza.

"Unaumwa?" Carmel aliuliza, akiinama na bunduki ingali mkononi.

"Mama, tafadhali. Weka chini. Tazamisha mdomo kwa ile pipa ya mchanga."

"Hii haina kitu. Watoto wangu huichezea kila Krismasi."

"Weka chini."

Aliiweka mezani, mdomo ukielekea pipa. Bisimwa alitoka kwa kutambaa. Alimpigia Whitney simu, haikupokelewa. Angeweza kumwambia mgeni arudi kesho, lakini akafikiri: ataibeba tena, ataitia garini, ataipeleka kwa wale watoto. Akasogea. Akaikandamiza mezani kwa mkono wa kushoto. Akainua kile kishikio cha chuma, akakivuta nyuma. Kilikuwa kimekwama kwa kutu. Akavuta tena.

Risasi iliruka, ikagonga meza, ikabingirika mpaka kwenye kopo la gundi. Shaba yake ilikuwa imeota ukungu wa kijani.

Carmel aliitazama. Kisha akakaa sakafuni na koti lake zuri, akaanza kutaja majina ya watoto wake, mmoja mmoja. Bisimwa naye akakaa.

Jioni hiyo alimweleza mkewe yote.

"Baba Shalom, miezi nane unanidanganya?" Fortunée aliuliza polepole. "Unashinda mu bunduki, zenye tulikimbia sisi?"

"Niliogopa kukuambia."

"Na leo uliogopa?"

"Leo niliogopa kuliko siku zote."

Siku ya tatu Fortunée alimtaka aache kazi hiyo. Bisimwa alisema hataacha, kwa sababu asingekuwapo, risasi ile ingekuwa bado ndani. Whitney sasa ameweka meza mlangoni: hakuna bunduki inayopita bila kufunguliwa, na anayezifungua ni Bisimwa, kwa ombi lake mwenyewe. Kila asubuhi bado hukaa garini kwanza.

Jumamosi iliyopita Fortunée alikwenda kujionea. Hakuvuka kizingiti. Alisimama nje juani, mkoba kifuani, huku mumewe akipaka mafuta kwenye mbao, na hakuondoa macho kwenye ukuta ule wa bunduki hata mara moja mpaka saa ya kwenda nyumbani ilipofika.