Karte ya Uvira Ukutani

Chumba kilinuka chai ya maziwa iliyomwagika na makoti yaliyonyeshewa. Nilikuwa kwenye benchi la ofisi moja hapa Mbarara tangu asubuhi, mtoto amelala mgongoni, nikingoja aandikwe kwenye dosie, yaani faili letu la familia. Kungoja nimezoea. Nifunge macho unikalishe kwenye benchi lolote, nitakuambia kwa makalio tu kama ni la watu wanaongoja. Nikainua macho, nikaiona. Juu ya meza ya afisa, kati ya kalenda na picha ya simba, walikuwa wamebandika karte ya mama yangu.

Karte ndivyo tunavyoita kadi ya posta. Hii ilikuwa ya Uvira, kwetu Kongo: ziwa, milima nyuma yake, nyumba nyeupe kando ya maji, na mbingu ya buluu ambayo haiko popote duniani ila kwenye picha za zamani. Kwenye kona kulikuwa na doa la maji ninalolijua kama kovu la goti langu.

Nikamwuliza afisa ameipata wapi.

"Hiyo iko pambo tu, nyabo," akasema, kama wanavyowaita mabibi huku. "Nilikuta kwa mafaili ya zamani. Wewe ngoja kidogo."

Neno lenyewe hilo. Nimeambiwa ngoja tangu nina meno ya utoto. Nikasimama, nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua kwamba ile ni mali ya mama yangu na aishushe. Mtoto akaamka akalia, sikumbembeleza. Askari wa mlangoni akanitoa nje kwa kiwiko, na watu wa kwenye benchi wakatazama miguu yao, kama ambavyo nami ningefanya siku nyingine yoyote.

Niwaeleze hiyo karte, halafu mniambie kama nilikosea.

Baba alikuwa seremala Uvira. Mama alikuwa msichana wa milimani, ameshachumbiwa naye. Huko juu posta haikufika. Karte zilipitia misheni, na pasta alizisoma baada ya ibada, pamoja na matangazo ya mazishi na mbuzi waliopotea. Hakuna aliyeona vibaya. Karte haina bahasha, na kitu kisicho na bahasha ni cha wote. Kwa hiyo baba aliandika kama mtu anayejua kanisa zima litamsikia: "Salamu kwa wazee wote. Mimi mzima. Hapa ni amani. Nitakuja wakati wa mavuno. Angalia picha muzuri."

Vita ilipokuja ikamchukua baba, na mama akakimbia akiwa na mimi, sufuria moja, na Biblia yenye ile karte ndani. Doa la maji ni la safari hiyo.

Kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, tulipewa kiwanja upande wa Misiera. Jumapili jioni mama aliifungua Biblia, nayo ikatoa harufu ya sabuni na moshi, kisha akanipa karte niishike kwa kingo tu, kama mkate wa moto. Mchezo wangu ulikuwa kugawa nyumba: hii ya shangazi, hii ya mwalimu, hii ya jirani mwenye kelele, niliyempeleka mbali kabisa, karibu na mlima. Kwenye mlango wa nyumba moja kulikuwa na nukta ndogo ya wino. Nikauliza ni nini.

"Mavi ya inzi," mama akasema, akageuka kucheka peke yake.

Niliamini ni mavi ya inzi miaka mingi.

Halafu tukaitwa kwenye mahojiano ya watu wa kupelekwa ng'ambo. Walitaka uthibitisho wa tulikotoka. Wengine walikuwa na vitambulisho; mama alitoa karte. Nilikaa kando yake, nimevaa viatu vya kuazima. Mkalimani akasoma maandishi ya nyuma, afisa wa siku ile akauliza swali lake, na mkalimani akaligeuza bila kututazama: "Anauliza, mume wako anasema huko ni amani. Basi mulikimbia nini?"

Mama alieleza kwamba karte ni ya kabla ya vita. Akaeleza pia kwamba kwetu hakuna anayeandika salamu bila kusema ni mzima na kuna amani. Hata aliyelazwa na malaria huanza hivyo, ndiyo adabu. Mkalimani alifupisha maneno yote hayo kwa pumzi moja. Muhuri wa posta ulikuwa umefutika kwa maji. Tukaambiwa karte itabaki kwenye dosie, na sisi tungoje.

Tangu hapo mama akawa na sheria moja. Mtu akituruka kwenye foleni ya maji, au mwalimu akinichapa bure: "Tulia. Dosie yetu iko mu mikono yabo." Majirani waliitwa, wakapanda basi, wakatuachia vyombo vyao. Nyumba yetu ikajaa masufuria ya watu walio Amerika. Mimi nikamaliza sekondari, nikaolewa, nikazaa, bado nimetulia.

Na nilipoolewa ndipo nilipoielewa nukta. Tulipanga chumba ambacho ukuta wake wa udongo unapitisha kila neno, nikajifunza kumwambia mume wangu mambo kwa jicho na kwa namna ya kumwekea sahani. Baba angesema nini, na pasta anasoma kwa sauti? Alitia kalamu kwenye mlango mmoja, akaandika angalia picha muzuri, yaani itazame vizuri. Alikuwa anamwonyesha mama nyumba watakayokaa.

Jioni ile nilirudi Misiera nikamwambia mama nilichokiona. Hakuuliza kama watairudisha.

"Wameibandika na nini?"

"Na selotepu. Kwa nyuma."

Akakaa juu ya jerikani. "Maandishi yatatoka," akasema. Halafu akaongeza: "Achana nayo, mama. Dosie..."

"Dosie gani? Hii ambayo imefika umri wa kuolewa?"

Hakucheka. Lakini hakunikataza tena, na asubuhi alinibebea mtoto ili mikono yangu iwe huru kuandika. Nilichopeleka Mbarara ni hiki, na nilisimama hapo mpaka wakakigonga muhuri:

"Nalalamika kuhusu kadi ya posta ya mama yangu, ambayo mlisema mnaitunza na sasa ni pambo la ukuta wenu. Naomba irudishwe mikononi mwake. Msiivute, pasheni selotepu moto kwa mvuke kwanza, kwa sababu chini yake kuna maneno ya baba yangu, na mengine hatuna. Pia naomba iandikwe kwamba 'hapa ni amani' ilikuwa salamu. Nimeweka jina langu lote na namba ya dosie yetu, ili msipate shida kunitafuta."