Herufi R na Kipande cha Reli

Siku ile tulikuwepo watu wanane: baba mdogo na mke wake, shangazi aliyetoka Kabongo kwa ajili ya kilio, mchungaji wetu, jirani mmoja mstaafu wa reli, wadogo zangu wawili na mimi. Baba alikuwa amezikwa siku tatu kabla. Mama alimtangulia kwa miaka miwili.

Walikuja kugawa vitu. Nguo sikuzigombania, wala baiskeli. Niligombania kipande cha reli tu. Hakikuzidi hatua moja kwa urefu, lakini juu yake baba aligonga mabati na kutengeneza mbabula, majiko ya makaa ambayo nusu ya mtaa wetu ilipikia. Mimi niliacha shule ili nimshikie mabati, na kazi yote niliijua. Bila kile chuma nisingeweza kuwalisha wadogo zangu.

“Chuma iko ya famille,” alisema baba mdogo. “Na tena, kazi ya nyundo haiko ya mwanamuke. Utaibeba na nini?”

Nikainama nikajaribu. Ncha moja ilifika magotini, kisha chuma kikanivuta nikaanguka chini na kikwembe nilichojifunga kiunoni kikafunguka. Baba mdogo akacheka. Mke wake akacheka, shangazi akafuata, na jirani akageuza uso ili acheke vizuri. Mchungaji alitazama viatu vyake.

“Siku utaibeba weye peke yako, toka kwangu paka hapa, njo itakuwa yako,” alisema baba mdogo huku akijifuta macho. “Bote bamesikia.”

Wakakipakia kwenye toroli. Baba mdogo hakukifanyia kazi yoyote. Alikiweka mbele ya mlango wake akakifanya kiti. Kila nilipopita kwenda sokoni nilimwona amekaa juu ya chakula chetu.

Nikaanza kufua nguo za watu, na nikamtafuta mwanajeshi mmoja mstaafu, upande wa kambi, mtu wa jimbo la Équateur. Kwenye ua wake vijana walinyanyua mikebe ya maziwa iliyojazwa simenti na kutiwa fimbo ya chuma katikati. Mke wake alikuwa na mbabula ya mkono wangu, kwa hiyo mzee huyo hakunifukuza. Nilimweleza habari ya baba mdogo na chuma, akaniandikia programu ya mazoezi kwenye karatasi, herufi tatu zikirudi mwezi mzima: J, D, R. J ni jambes, miguu, na D ni dos, mgongo. Hizo alinieleza. Ya tatu hakuieleza, nami sikuuliza, kwa sababu niliona aibu kuuliza herufi.

Karatasi niliibandika mlangoni kwetu. Siku za J na D nilikwenda uani kwake. Siku za R nilibaki nyumbani na mikebe yangu miwili, nikafanya yote ya jana na ya juzi. Kila nilipochoka nilikumbuka kile kicheko, nikaongeza.

Mwezi wa kwanza mikono ilijaa misuli. Wa pili kitu kikageuka. Niliamka moyo ukidunda kama niliyekimbia. Bukari, ugali wetu, ilinishinda kumeza, hata ikiwa na samaki wa Kinkondja ambao zamani nilimaliza mpaka miiba. Mabega yaliuma hata nikichana nywele. Mdogo wangu wa kike alimwaga maji, nikampigia kelele mpaka akakimbilia kwa jirani. Kisha mkebe niliouzoea wiki mbili ukakataa kupanda, ukaanguka karibu na mguu wa yule mzee.

“Yaya, unalala?” akaniuliza, kwa jina wanaloniita wadogo zangu.

“Apana.”

“Siku ya R unafanyaka nini?”

“Narudia.”

“Unarudia nini?”

“Byote. Si umeandika R? Rudia.”

Alicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. Mke wake akatoka jikoni kuuliza nani amekufa.

“R iko repos, mama,” mzee akaniambia. “Repos. Kupumzika.”

“Karatasi ya Kifaransa, yeye anaisoma Kiswahili,” alisema mke wake. “Makosa iko yako, mwalimu.”

Yule mzee akaacha kucheka. Akanigusa bega kwa kidole kimoja tu, nami nikaruka kwa maumivu.

“Mwili haijengekake wakati unanyanyua,” alisema. “Pale unaibomoa. Inajengeka wakati unakula na unalala. Weye unabomoa kila siku, fundi ataingia saa ngapi? Na yule baba yako mudogo anafanya nini sasa?”

“Amekaa.”

“Njo vile. Yeye anapumzika juu ya chuma, weye unajipiga pa nafasi yake. Yeye amebakia na kazi gani?”

Maneno hayo yaliniuma kuliko mabega. Alinikataza kugusa mkebe siku kumi. Hakuna uzito ulionishinda kama zile siku kumi za kulala mchana, kula maharagwe na kumchukia mtu bila kufanya kitu. Nilipoanza tena, mkebe ulionishinda ulipanda mara ya kwanza. Tangu hapo R ilipofika nilikaa, hata hasira iliponisukuma.

Baada ya miezi mitano nilikwenda asubuhi, nikamkuta baba mdogo kitini pake.

“Jambo, baba mudogo. Simama.”

“Nani ananiambia simama?”

“Mutu amekuja na mabega yake.”

Alisimama, nadhani kwa mshangao. Nilikunja magoti, nikakipandisha chuma mpaka begani, nikaondoka. Nyuma yangu alisema tu, “Itakuangukia.” Njiani, mpaka kuvuka reli na kufika kwetu, nilikitua mara tatu nikapumzika. Hakuwa amekataza kupumzika.

Leo mbabula zangu zinauzwa mpaka Luena, na wadogo zangu wanasoma. Lakini asubuhi ile, kati ya wakubwa waliokuwepo siku ya kugawa, aliyeniona, mbali na baba mdogo, ni mke wake peke yake, akifagia. Shangazi yuko Kabongo, mchungaji alihamishwa, jirani hakuwepo. Nilichekwa mbele ya watu, nikarudisha chuma karibu bila shahidi.

Bado kuna sherehe ya kumaliza kilio cha baba, na famille yote itaitwa. Nimemwambia shangazi nitalipa safari yake mimi mwenyewe, aje akione chuma begani kwangu. Baba mdogo sasa anakalia kisiki. Nikipita namsalimia kwa heshima zote, wala sina haraka, nilishajifunza kungoja. Chuma kimerudi. Kicheko bado namdai.