Wajane wa Skelby

Ninyi mnaoijua Arsenal tu, sogeeni niwafundishe mpira. Shule iliniacha mapema, lakini madaraja ya chini ya Uingereza nayajua kuliko refa yeyote. Huku kuna timu inaitwa Thorley Alhamisi, kwa sababu walioianzisha walikuwa wauza duka na Alhamisi ndiyo siku waliyofunga mapema. Jirani zetu wa Grimley huitwa Wapika Sabuni. Na sisi wa Skelby, wanaume wazima wenye ndevu, ni Wajane.

Msicheke. Zamani mgodi uliporomoka ukaua waume, wajane wakachanga wakawanunulia wana wao mpira, timu ikazaliwa. Tangu hapo, kabla ya mechi, nahodha mgeni huenda kwenye kibanda cha chai kumpa pole mjane mkuu, na nahodha huyo hupewa pai ya nyama.

Mjane mkuu ni Winifred Oldroyd, mjukuu wa mmoja wao. Hajawahi kuolewa hata wiki moja. Mimi mwenyewe, na uzuri wangu huu, nilimposa. Akanijibu, "Nikiolewa, kipenzi, cheo kitaniponyoka."

Basi akaja mwenyekiti mpya kutoka London, Rupert Fanshawe, viatu vinang'aa. Akasema jina ni la mkosi, tuitwe Skelby United. Wanachama waamue kwa kunyoosha mikono Jumamosi, wakati wa mapumziko, tukicheza na Grimley.

"Jina likienda," Winifred aliniambia huku akifuta birika lililokwisha kung'aa, "mimi ni bibi wa chai tu."

Jumamosi Grimley wakaja na mitandio myeusi vichwani, kama kawaida yao, wakiimba, "Waume zenu wako wapi?" Nasi tukawajibu, "Kaogeni kwanza!" Nahodha wao, jitu la miraba minne, akainama kibandani.

"Pole sana, bibi."

"Pokea pai, kipenzi. Hiyo pole ni ya mwisho."

"Kwani kafa nani tena?"

"Jina letu. Linazikwa mapumziko."

Jitu halikuila ile pai. Likairudisha kaunta, likaenda moja kwa moja kunong'ona na mashabiki wake.

Sasa, huku kwetu ikifika mapumziko mashabiki huhama, kila upande ukakae nyuma ya goli ambalo timu yake sasa italishambulia, na wote hupishana pale kibandani. Fanshawe amezoea viwanja ambavyo kila mtu ana kiti chake. Akachagua dakika hiyohiyo kushika kipaza sauti.

"Wanaotaka jina la zamani, mikono juu!"

Ikapanda mikono kama msitu, na mitandio ikipepea humo.

"Hawa si wa Grimley?" akauliza.

"Mkiitwa United, sisi tutamtania nani?" akafoka mzee mmoja wa sabuni. "Mke wangu kashona mitandio yote hii!"

"Wageni wakae kando!"

Hapo ndipo mjomba wenu alipoonyesha akili. Nikamvua yule mzee mtandio, nikajitanda, nikamvisha skafu yangu. Wenzangu wakaiga. Fanshawe akatazama ndevu zilizojitanda mitandio, akatazama skafu zetu shingoni mwa maadui, akashindwa kujua mgeni ni yupi, akaweka kipaza sauti chini.

"Basi! Kaeni na ujane wenu!"

Tulifungwa manne bila. Baada ya mechi nahodha wa Grimley akarudi kibandani kuidai pai yake, imeshapoa.

"Pole sana, bibi," akasema, mdomo umejaa.

"Ahsante, kipenzi," akajibu Winifred. "Na mwakani uje tena unipe pole."