Nimevulia Kofia Kabichi

Leo nimevulia kofia kabichi, na shati yangu nyeupe ya kipaimara imeharibika.

Nilitelemuka mutelemuko wa Kibabi na kinga, baiskeli ya baba yangu. Shati niliivaa mbele ya siku yake, wasichana waione. Njo vile, chekeni.

Motokari ikalia nyuma. Muzungu akipita, lazima uvue kofia, munajua. Nikaachia mukono mumoja, nikavua.

Kinga ikanitupa mu mufereji wa matope!

Motokari ikasimama. Muzungu hakuna. Iko shofere peke yake na mifuko ya kabichi.

«Kaka, unanisalimia mimi? Asante sana!»

Akacheka mpaka akashika tumbo. Mimi, kwa haya, nikamusalimia tu kwa Kifaransa, kama vile muzee: «Bonjour, Papa.»

Nimefua, nimefua, udongo hautoke. Kesho asubuhi Askofu ananipaka mafuta.

Nani ataniazima shati? Kama hauna, basi usinitazame kanisani.