Bibi Anatafuta pa Kulala Morogoro

Wakati wa kiangazi, hewa ikitulia, tulilisikia gari moshi tukiwa juu kabisa milimani. Sauti yake ilitufikia imechoka, kama mtu anayepuliza chupa upande wa pili wa bonde, na sisi watoto wa Uluguru tuliacha tulichokuwa tukifanya, iwe kupalilia au kula, tukasimama kusikiliza mpaka ikapotea. Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wamefikisha reli Morogoro miaka michache tu kabla ya hapo. Wakubwa walizungumza habari za kodi na askari wa boma. Mimi niliota magurudumu. Nilikuwa na umri wa miaka kama kumi, nasoma shule ya misheni, na sidhani kama kijijini kwetu kulikuwa na mtu aliyelitamani gari lile kunishinda.

Ndipo ikaja barua. Aliiandika Mjomba, mtoto wa mwisho wa Bibi yangu mzaa mama. Alikuwa ameteremka mjini kujifunza useremala, na aliondoka kwa maneno makali, kwa kuwa Bibi hakutaka mwanamume wa ukoo aache mashamba ya ukoo. Kwetu Waluguru ukoo hufuata mama, na mjomba anayehama ni kama nguzo inayojing'oa yenyewe. Bibi hakujua kusoma. Barua zake aliniletea mimi, akiniita mume wangu kama bibi wengi wanavyowaita wajukuu wao, akakaa mbele yangu mikono juu ya magoti, akinitazama mdomo. Mjomba alisema amejenga nyumba ng'ambo ya mto, nje kidogo ya mji. Imekwisha kuezekwa. Anamwomba mama yake ashuke mwezi ukiandama, awe mtu wa kwanza kulala ndani yake, kwani yeye na mkewe hawatahamia kabla yake. Nilisoma salamu zote vizuri. Nilipofika kwenye habari ya nyumba nikaona jinsi ilivyo mbali na stesheni, nikasema haijaezekwa bado, na kwamba Mjomba amepelekwa Kilosa kwa kazi, ila mama ashuke tu mwezi ukiandama, achague pa kulala mpaka atakaporudi. Maneno yale yalinitoka kwa ulaini ambao hata leo unanitia haya. Bibi aliikunja barua, akaifunga katika pindo la nguo yake.

Tuliteremka kwa siku mbili, Bibi na kibuyu chake cha asali, mimi na mkungu wa ndizi kichwani. Sikumbuki uchovu. Nakumbuka maji ya mito tuliyovuka yakizidi kupata joto kadiri tulivyoshuka, mpaka yale ya mwisho yakawa vuguvugu kama ya kuogea, na mji ukajitokeza chini yetu na mabati yake machache yakimetameta katikati ya makuti. Nilifurahi hata nikajikwaa mara mbili. Bibi akaniuliza kama nina mchumba huko chini.

Nilidhani kutafuta pa kulala ni jambo la dakika chache, kumbe sikumjua Bibi. Kila nyumba tuliyoonyeshwa aliingia, akalala chali sakafuni, akafumba macho, huku wenyewe wamesimama mlangoni hawajui wafanyeje. Kwa muuza duka mmoja karibu na soko aliinuka akasema paa linamtazama vibaya. Kwenye kibanda cha wageni cha misheni alilala kitambo kirefu, nami nikaanza kuhofu, maana pale pia palikuwa mbali na reli. Akatoka akasema hapo panawafaa watu waliokwisha kusamehewa. Tulipopita mbele ya hoteli ya Wazungu alitaka kuingia apime, nikamvuta mkono nikimweleza kwamba wao hulala vitandani. Alishangaa sana. Akasema kwao mgonjwa ndiye anayeinuliwa hivyo.

Mwisho nikamfikisha nilikotaka, kwa Mama Zena, mwanamke wa Bagamoyo aliyezoea kulaza wapagazi tangu siku za misafara. Nyumba yake ilikuwa hatua chache tu kutoka relini. Tulimwamkia, Bibi akajilaza kama kawaida. Mama Zena akashika kiuno.

"Mama'angu, wewe unapima chumba au kaburi?"

"Kaburi watanipimia," Bibi akajibu, macho bado ameyafumba. "Chumba napima mwenyewe."

Wakacheka wote wawili, wakawa marafiki. Asali ikaingia ndani, nasi tukapewa chumba ambacho mlango wake ulitazama mlima, sharti pekee ambalo Bibi hakulilegeza.

Siku zile mbili zilizofuata zilikuwa siku za furaha kubwa kuliko zote za utoto wangu, na siwezi kusema uongo wa pili kwa kuzikana. Gari lilipoingia, ardhi ilitetemeka mpaka maji kwenye mtungi yakacheza. Lilinuka kuni, mafuta na vumbi la nchi nisizozijua. Bibi aliliinamia kidogo, akapiga makofi ya taratibu kama anavyoamkiwa mkubwa, na dereva, mtu mweusi kwa masizi kutoka kichwani hadi miguuni, akamjibu kwa kupuliza honi. Kuanzia hapo hakukosa hata mara moja. Akisikia mlio, aliacha chakula akaja mbio, nguo ameikusanya mkononi.

Siku ya tatu adhuhuri Mjomba akatokea uani kwa Mama Zena. Alikuwa amekonda usoni na miguu yake ina matope mpaka magotini. Tangu mwezi ulipoandama alikuwa akitutafuta njia nzima ya mlimani, akidhani mto umetuchukua, mpaka watu wa kwetu waliotoka sokoni walipomwambia mama yake yuko stesheni anaamkiana na gari moshi. Majirani zake walikuwa wamekwisha kumtania kwamba fundi kajenga, mama kaikimbia nyumba. Alimwamkia Bibi shikamoo, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, nyumba yangu ina kosa gani?"

"Nimeambiwa haina paa. Na wewe uko Kilosa."

"Paa lipo. Kilosa sijawahi kufika. Niliandika."

Bibi akanigeukia. Akafungua pindo, akatoa barua, akanipa. "Isome tena, mume wangu."

Niliisoma yote. Nilipofika pale paliposema hawatahamia kabla yake, nikakirudia kipande kile bila kuambiwa. Hakuna aliyenipiga. Bibi aliinuka, akamshika Mjomba mkono, kitu ambacho hakukifanya tangu walipogombana, akamwambia ampeleke.

Nyumba ilinuka udongo mbichi na mbao zilizorandwa. Bibi alijilaza katikati ya chumba kikubwa mchana kweupe, nasi tukasimama nje, Mjomba na mkewe, Mama Zena, na majirani wote waliokuwa wakimcheka. Tukangoja. Halafu tukasikia akikoroma. Mjomba alikaa chini palepale akacheka huku machozi yanamtoka, mkewe akakimbilia kuchinja kuku. Jua lilipopungua Bibi akatoka, akanyoosha mgongo, akasema, "Inalalika." Tukala pilau, na kesho yake Mjomba akahamia.

Morogoro ya leo ina nyumba za wageni kila mtaa. Mgeni huuliza bei na feni, hupewa ufunguo, na asubuhi huondoka bila mtu kumuuliza amelalaje. Silalamiki, nimelala humo mara nyingi nikalala vizuri. Ninachokikumbuka ni kingine. Tulirudi milimani, na Bibi aliishi miaka mingi baada ya safari ile, na Mjomba alimwandikia barua nyingi. Hakunikemea hata siku moja. Ila kila barua ilipokuja aliifunga katika pindo, akapita mbele ya baraza yetu, akanijulia hali mume wake kwa furaha ileile, akapanda kilima mwendo wa saa nzima kwenda kusomewa na katekista. Sasa macho yangu yamekwisha, na mjukuu wangu wa kike ndiye anayenisomea. Akimaliza namshukuru, sijawahi kumwambia arudie. Namfikiria Bibi akipanda kilima kile na fimbo yake, nami kijana mwenye macho mazima nimekaa barazani, namtazama anavyokwenda.